Jogoo Aliyebanduka

Mpiga chapa alijivunia jambo moja: wino wake hautoki. Kwa hiyo bintiye, mkemia wa kiwanda cha kurejeleza plastiki, alipomwambia ametumia chupa kuukuu za plastiki kutengeneza sabuni ya kuondoa wino, mzee alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Takataka zifute kazi ya baba yako? Ngoja nikuletee mfuko."

Kesho yake alifika maabara na mfuko mweupe wa plastiki wenye jogoo mwekundu aliyemchapa mwenyewe. Binti, roho mkononi, akautumbukiza kwenye sufuria ya sabuni ya uvuguvugu na kukoroga. Jogoo hakutikisika. Mzee akavuta kiti, akakaa kifua mbele.

"Usijisumbue, mwanangu. Huyo hang'oki."

"Subiri, baba. Haijapata moto sawasawa."

Akaongeza moto, akakoroga tena. Punde kilemba cha jogoo kikabanduka, mabawa yakafuata, sabuni yote ikawa nyekundu. Binti akausuuza mfuko. Haukubaki na hata nukta.

Alitamani kurukaruka, ila uso wa babake ulimzuia. Mzee aliupokea mfuko, akausugua kwa kidole gumba, akauinua dirishani.

"Ukiyeyushwa, plastiki yake itatoka safi hivi? Si ile ya kijivu mnayotuletea tuchapie mifuko?"

"Safi kabisa, baba. Ukijivu ule ulitokana na wino."

"Sasa mlikuwa mnangoja nini?" mzee akafoka, huku akitabasamu. "Kila jogoo ninayemchapa juu ya ukijivu huo siku hizi anafanana na kunguru!"