Hamu ya Ziwa

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga, kila mtu alitaka Kiingereza. Restituta, mzaliwa wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, aliyeolewa huku milimani, naye akajiandikisha masomo ya jioni parokiani.

Mwalimu Victor aliandika ubaoni: *long for*. "Maana yake kuwa na hamu kubwa ya kitu. Tungeni sentensi."

"*I long the lake*," Restituta akasema.

"Umesahau *for*, mama. Bila hiyo, *long* ni urefu tu."

Restituta aliona huo ni uchoyo wa Wazungu, kuweka kizuizi kati ya mtu na hamu yake. Kisha kale kaneno kakamgeukia kuwa barabara ya kuteremka ziwani, kona baada ya kona, mpaka ukungu unafunguka na harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa mchangani inakupokea kabla ya ndugu zako.

"*I long for the lake*," akasema taratibu.

Nyumbani, mumewe Mansuetus, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, alitaka kusikia alichojifunza. Akamwambia. Mansuetus akarudia bila kosa, hata *for* hakuiacha.

"Maana yake nini?"

Restituta akaitazama mibuni ambayo mumewe huipenda kama watoto.

"Maana yake nina njaa."

Tangu hapo, kila atokapo shambani, Mansuetus husimama mlangoni pa jiko na kutamka, kwa Kiingereza safi, kwamba ana hamu ya ziwa. Na Restituta humpakulia ugali polepole, ili aseme tena.