Mazishi ya Saa Tatu

Gervasi alifika Bangwe, kando ya ziwa, siku ya Jumatano, akiwa na kidude cha kuitia runinga intaneti ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Alianza ufundi enzi za kaseti. Redio zilipokosa wateja akajifunza runinga, na runinga zilipoingia mambo ya intaneti akajifunza na hayo, taratibu, kwa miwani yake ya kusomea.

"Mwakeye," aliwasalimu kwa Kiha kina mama waliokaa kwenye mikeka uani. Akavua viatu, akaingia sebuleni kwa Mama Rahabu.

Msiba ulikuwa wa Christian, kitinda mimba wa Mama Rahabu. Miaka kumi na minne iliyopita alikwenda Australia kumfuata mkewe Catherine, ambaye ndugu zake walihamishiwa huko kutoka kambi ya wakimbizi. Huko Perth akapata kazi, akapata watoto, halafu akapata ugonjwa wa figo, ambao ndio uliomwondoa. Kumrudisha kumzika nyumbani ilishindikana. Mama yake naye kwenda ilishindikana. Ndipo Catherine akatuma ujumbe kwamba kanisa lao litarusha mazishi kwenye intaneti, Jumamosi saa nane mchana ya kwao, saa tatu asubuhi ya Kigoma. Video ingekuwa ya familia tu, na linki yake ilitumwa kwa mtu mmoja, Leonia, dada mkubwa wa marehemu.

Leonia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliishi na mama yake tangu baba yao afariki. Yeye ndiye aliyesimama karibu na Gervasi muda wote, akitazama kila alichofanya. Kile kidude, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kilichomekwa nyuma ya runinga. Rimoti ikatiwa betri. Maandishi yakatokea, ya Kiingereza. Gervasi akatafuta Kiswahili, akakipata. Kisha akazunguka nyumba nzima na ruta ya intaneti mkononi akitafuta mahali mtandao unaposhika vizuri, akaishia chumbani kwa Leonia, dirishani.

"Iache hapa hapa, Mwalimu. Ukiisogeza tu, picha itaganda."

Mwisho aliingiza akaunti ya Leonia, akamgeuzia mgongo wakati mwenyewe anaandika neno la siri. Wakajaribu. Picha ya kwaya moja ikatoka, safi kabisa, na sauti ikafika mpaka uani. Mama Rahabu akaja akasimama mlangoni.

"Na mwanangu nitamwona hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, Mama," akasema Gervasi. "Utadhani uko pale."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwingia Leonia vibaya. Walipomzika baba yao, mama alianguka kaburini, akalazwa siku tisa kwa presha, na daktari akamwambia Leonia pembeni kwamba safari nyingine hawezi kuahidi kama atapona. Tangu siku ile Leonia alikuwa mlinzi wa moyo wa mama yake. Habari mbaya zilipita kwake kwanza, akazipunguza makali ndipo zimfikie mama. Nyingine hazikumfikia kabisa.

Jumamosi, saa tatu kasoro, sebule ilijaa. Waliokosa nafasi walichungulia madirishani. Leonia akafungua ile linki, na bila kukwama hata kidogo picha ikaja: majani mabichi, viti vyeupe, watu wenye makoti. Catherine na watoto. Halafu gari jeusi, na wanaume sita wakitoa jeneza.

Mama Rahabu aliinuka mkekani. Hakulia. Alikwenda mpaka kwenye runinga akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya lile jeneza, na pumzi yake ikaanza kuwa ya kukatika. Leonia aliiona shingo ya mama yake, mshipa ukipiga. Akatoka sebuleni kimya kimya, akaingia chumbani kwake, akaichukua ruta dirishani na kubonyeza kitufe mpaka taa zote zikazimika.

Akakaa kitandani nayo. Ilikuwa bado ya moto.

Kwanza ikaja minong'ono. "Imeganda." "Subirini, itarudi." Kisha, nyuma ya ukuta pale pale, sauti ya mama yake: "Amekwenda wapi? Jamani, mwanangu amekwenda wapi?"

Leonia alirudi sebuleni akasema mtandao umekatika. Simu yake nayo, alisema, haishiki. Mama mdogo Rozalia akampigia Gervasi aliyekuwa Ujiji, akamfokea. Watu waliinua simu zao juu, wakatoka nje, wakarudi. Kwenye kioo kilikuwa kinazunguka kiduara tu, na Mama Rahabu amesimama mbele yake, mkono bado juu.

Ilipofika saa nne na robo, Leonia alijua shughuli imekwisha. Akaenda akaiwasha ruta na kuirudisha dirishani.

Gervasi alishuka kwenye pikipiki jasho likimtoka. Akaingia chumbani, akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake, akasoma. Leonia alikuwa kando yake, na alikiona alichokiona fundi: ruta imewaka dakika kumi na moja.

"Umeme ulikatika, Mwalimu?"

"Hapana."

Aliitazama ruta, akamtazama Leonia. Miwani ilikuwa imemteleza puani na hakuipandisha. Kutoka sebuleni Rozalia akapaza sauti: "Basi turudishieni nyuma, tuone!" na Leonia akajibu haraka, "Hairudi nyuma, Mama mdogo. Ilikuwa ya moja kwa moja." Uongo huo nao Gervasi aliusikia.

Akatoka chumbani, akapiga goti mbele ya Mama Rahabu.

"Nisamehe, Mama. Nadhani kuna mahali nilikosea kuunganisha. Kosa ni langu."

Mama Rahabu akarudi mkekani.

Mama hakuanguka. Presha haikupanda. Leonia alijaribu kulishika hilo, akajiambia amemwokoa, lakini halikumsaidia kitu. Jioni ile mtu alipowasha runinga kusikiliza habari, mstari wa kwanza ulileta picha ndogo ya majani mabichi na viti vyeupe, na chini yake maneno "endelea kutazama". Siku ya pili yake alfajiri Leonia aliifuta kabla mama hajaamka. Lakini linki ilikuwa kwenye simu yake, nzima, saa moja na dakika nane, na shuleni, wanafunzi wakishaondoka, alifunga mlango wa darasa la nne na kuitazama. Aliona udongo ukitupwa. Aliona mtoto mkubwa wa Christian akikataa koleo. Aliitazama mara tatu.

Wakati huo jina la Gervasi lilikuwa linasagwa Bangwe nzima. Rozalia alilipeleka kanisani. Kwaya iliyokuwa imemwita awafungie spika ikatafuta fundi mwingine. Na jioni moja, wanakula ugali na samaki wa migebuka, Mama Rahabu, ambaye Leonia hakuwahi kumsikia akimlaani mtu, akasema bila kuinua macho, "Yule fundi nisimwone tena kwenye mlango wangu. Aliniibia mwanangu."

Leonia akarudisha tonge sahanini.

Kesho yake alikwenda Ujiji. Gervasi alikuwa kibandani kwake, ameinamia feni iliyofunguliwa.

"Kwa nini hukusema?" Leonia alimuuliza, hata salamu hajamaliza.

"Ningesema nini, Mwalimu? Mbele ya wafiwa?"

"Wanakusema vibaya."

"Nasikia." Akapuliza vumbi ndani ya feni. "Nilidhani ungesema mwenyewe, siku ya pili, ya tatu. Nikawa nasubiri."

"Nilimwogopea mama."

"Labda," akasema Gervasi, akairudia feni. Leonia alisimama pale kidogo, akaona hakuna atakalopewa zaidi, akaondoka. Njiani neno hilo moja lilimsumbua kuliko kama angetukanwa. Kwa sababu ni kweli aliuona mshipa wa mama yake ukipiga. Lakini ni kweli pia kwamba yeye mwenyewe hakutaka kuwepo wakati mama analia. Alikuwa amechoka kumshika mama yake akilia.

Alimkuta mama uani anachagua maharage kwenye ungo. Akakaa chini, si kwenye kigoda.

"Mama, mtandao haukukatika. Niliuzima mimi."

Vidole vya Mama Rahabu viliendelea na maharage. Jiwe, akatupa. Jiwe, akatupa.

"Niliogopa utaanguka kama siku ya baba. Gervasi hana kosa. Alijua, akanifichia."

"Na wewe ulimwona akizikwa?"

"Video ipo. Niliitazama baadaye."

"Peke yako."

"Peke yangu, Mama."

Mama Rahabu akaweka ungo chini. "Leonia, nilikuzaa nina miaka kumi na tisa. Kabla yako nilizika mtoto kule ng'ambo, tukiwa bado Kongo, nikamfunga mwenyewe kwa kitenge changu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Nani alikwambia mimi siwezi?"

Leonia angeweza kuishia hapo. Hakuishia.

"Kuna lingine. Wiki ile ya mwisho alipiga simu ya video kutoka hospitali. Alitaka kukuona. Alikuwa na mipira puani, Mama, amekonda. Nikamwambia umelala."

"Nilikuwa nimelala?"

"Hapana. Ulikuwa hapa hapa, unafua."

Mama Rahabu aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Siku mbili hakusema na Leonia. Alipika, akamwekea chakula, akaenda kula kwa Rozalia. Leonia alikula peke yake, au hakula.

Siku ya tatu aliporudi shuleni alikuta viatu vya Gervasi mlangoni. Mama Rahabu alikuwa amemfuata mwenyewe Ujiji, kwa pikipiki, yeye ambaye haziamini pikipiki. Alimwomba radhi mbele ya majirani zake, kisha akamleta. Rozalia alikuwepo pia, akimmiminia fundi chai.

"Mfungulie," mama alimwambia Leonia. Hayo tu.

Leonia akaweka linki. Majani mabichi, viti vyeupe. Gari jeusi. Hakuthubutu kukaa karibu. Alisimama nyuma ya kochi. Mama Rahabu alitazama yote, mikono mapajani. Machozi yalimtoka tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuyafuta. Aliuliza huyu nani, yule nani. Mtoto alipokataa koleo alisema, "Mwacheni, mwacheni," kana kwamba wangemsikia. Kisha akamwomba Gervasi arudishe pale pa udongo, na akachukua rimoti ajifunze vitufe: cha mbele, cha nyuma, cha kusimamisha. Gervasi alimwelekeza kimoja kimoja. Somo hilo lilichukua jioni nzima, na rimoti haikurudi tena mkononi mwa Leonia; iliwekwa chumbani kwa mama, chini ya mto.

Kwaya ilimwita tena Gervasi. Rozalia aliomba radhi kwa namna yake, kwa kumpelekea samaki. Leonia alisimama baada ya ibada akasema mbele ya watu aliyoyafanya, na wengine walimpa mkono, wengine hawakumpa.

Ikapita kama wiki tatu. Jioni moja walikuwa wanaanua nguo kwenye kamba moja, kila mtu na upande wake, mama akauliza ghafla:

"Siku ile alipopiga. Alisema nini?"

Leonia alikumbatia shuka aliyokuwa nayo. "Aliuliza presha yako. Halafu akauliza kama maji ya ziwa yamefika kwenye ule mwembe aliopanda. Alisikia ziwa limepanda."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado."

Mwembe ule ulikuwa umeshakufa, umesimama ndani ya maji tangu masika ya mwaka uliopita. Mama Rahabu aliutazama kule ufukweni.

"Kwa hilo ulifanya vyema," alisema. Akavuta ncha ya pili ya shuka, na Leonia akashika ya kwake, wakaikunja.