Sindano ya Wifi

Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tunapendana kwa kutupiana maneno. Yeye ni fundi cherehani, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba hadi kushika mkasi ikawa mateso. Kaka alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo nilimpeleka kliniki mimi.

Daktari alieleza nikaelewa. Chembe za kinga mwilini hutumiana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Habari moja huita: njooni, tumevamiwa. Chembe zinakusanyika, mahali panavimba na kupata joto. Nyingine husema yatosha, na vurugu inatulia.

"Kwako wewe," akamwambia wifi, "wito haukomi, na adui hayupo. Zinapigana na viungo vyako mwenyewe."

"Kumbe mwili wangu mbea," wifi akasema.

Alipewa sindano ya kuzuia habari moja isipokewe. Vidole vikanywea, akarudi kwenye cherehani akiimba, tena vibaya. Ila daktari alituonya: habari hiyohiyo ndiyo hupandisha homa. Akipata maambukizi anaweza asichemke, kwa hiyo akidhoofika tusingojee joto.

Basi wifi akaanza kukohoa. Akawa hali chakula, na kutoka jikoni hadi sebuleni anahema. Nikamwambia twende hospitali. Mama yangu akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Nyumbani kwetu kiganja hicho ndicho hakimu. Tangu utoto ndicho kilichoamua nani mgonjwa na nani mvivu.

"Wa baridi kabisa," mama akasema. "Uchovu tu huo."

"Umesikia?" wifi akadakia. "Nina gauni la bibi harusi la kumaliza."

Kumpinga mama mbele ya mkwewe si jambo dogo, lakini niliogopa kumpoteza wifi, nasema kweli.

"Mama, homa imezibwa mdomo na dawa. Kiganja chako hakina kosa, ila leo homa haiwezi kukiambia kitu."

Mama akanuna. Nikachomoa waya wa cherehani, nikautia mkobani.

"Haya, shona sasa," nikamwambia wifi.

Hospitali, picha ya kifua ilionyesha nimonia imeenea pafu zima la kulia. Mama alipoambiwa, alikaa kwenye benchi, akakitazama kiganja chake. Daktari akasimamisha sindano mpaka maambukizi yaishe.

Kifua kilipona. Vidole vikavimba upya.

Asubuhi ya kuruhusiwa, nilimkuta wifi ameketi kitandani akihangaika na vifungo vya blauzi aliyoishona mwenyewe. Nilingoja anitupie neno. Machozi yakamtoka.

"Vinauma, wifi."

"Najua."

"Nifungie basi."

Nikaanza na kifungo cha chini. Nilipofika cha juu aliinua kidevu, na pumzi yake ikanigusa mikono, ndefu, bila kukwama. Nikakifunga polepole kuliko ilivyohitajika.