Nyimbo za Mama Zilizosafishwa

Kamati ya Kuteua Programu ya Muziki wa Nyumbani iliketi chumbani kwa baba saa nne asubuhi. Wajumbe walikuwa wawili: mimi, binti wa mwisho niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, na kaka yangu, fundi friji, ambaye huniita Profesa na hamaanishi kunisifu. Baba alihudhuria akiwa amelala. Tangu kiharusi kimwangushe, mkono wake wa kulia umestaafu na ulimi wake unafanya kazi nusu siku.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Kwenye kompyuta yetu kuukuu kulikuwa na nyimbo mia mbili na kumi na mbili ambazo marehemu mama alizihamisha kutoka kwenye kanda. Hakuwa na waya wa kuhamishia. Aliweka simu juu ya meza ya jikoni, karibu na redio, akabonyeza kurekodi, kisha akaendelea kupika. Kwa hiyo yumo ndani ya kila wimbo: anakohoa, anagombana na mfuniko, anamwambia kaka afunge mlango. Kanda zilitafunwa na redio, na simu nayo ikamfuata mama. Zikabaki nyimbo hizo tu, na baba alitaka kuzisikia kitandani.

Programu ya kaka ilikuwa na sura ya daftari la mahudhurio: orodha ya majina, basi.

"Inacheza kilichomo kwenye kompyuta," alisema. "Haijui kingine."

"Kama wewe."

"Profesa, ipo siku mdomo huo utakuponza."

Yangu ilivuta muziki kutoka mtandaoni, ikaonyesha picha za wanamuziki na maneno ya wimbo yakipita kwenye kioo. Nilitoa hotuba. Nilitumia neno "ustaarabu" mara tatu. Baba alicheka kwa ule upande wa uso ambao bado unacheka, akanipa kura yake. Kaka akabeba begi la spana, akapanda baiskeli, akaenda kazini.

Mchana programu iliniuliza kama iboreshe maktaba kwa nakala za mtandaoni. Nikakubali. Ikauliza kama nakala hafifu zifutwe, zibaki zilizo safi. Nikakubali na hilo, kisha nikamwaga pipa la taka la kompyuta, maana nafasi ilikuwa imejaa nami nilijiona mtu wa usafi.

Saa kumi nikampigia baba wimbo anaoupenda kuliko yote. Ala zilisikika moja moja, kama zimepigwa pasi. Alifumba macho. Nilijua anachosubiri: baada ya kiitikio cha pili mama hucheka, kisha husema jambo.

Kiitikio cha pili kikapita. Gitaa tupu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Mara ya tatu akagusa sikio kwa mkono wake mzima.

"Kumbe na masikio yanaondoka," alisema polepole. "Daktari alinionya."

Shuleni nimefikishwa mbele ya kamati ya nidhamu mara mbili na sijawahi kukiri kosa. Hapa nilitakiwa kunyamaza tu. Daktari alikwisha kuniandalia utetezi.

"Masikio yako mazima, baba. Ni mimi. Nimemfuta."

"Kwenye wimbo huu?"

"Kwenye zote."

Hakunigombeza. Angenigombeza, ningemshukuru. Aliniambia nizime, nikazima. Tukasikiliza bomba la jikoni likidondosha maji.

"Pale baada ya kiitikio," akasema, "alikuwa anasema nini? Mimi maneno yananitoroka. Wewe umezisikia tangu mdogo."

Nikafungua mdomo. Kicheko nilikikumbuka. Kijiko kilichogonga sufuria nilikikumbuka. Maneno yenyewe yalipita masikioni mwangu mara mia, na mara zote mia nilikuwa naongea mimi.

"Alikuwa anamwambia kaka..." nikaanza.

Baba akasubiri, akaniangalia, akaacha kusubiri. Nje baiskeli iliegeshwa ukutani.

"Kaka yako huyo, amefika," alisema. "Mwache ale kwanza."