Mdomo wa Pascal

Mimi sijawahi kuona tamthilia yoyote tangu mwanzo hadi mwisho. Nasuka nywele. Mteja huketi mbele yangu saa nne, saa tano, simu ameiegemeza kwenye kopo la mafuta, na mimi natazama kutoka nyuma ya kichwa chake, shingo nimeipinda. Napata katikati tu. Nimeona watu wakizikwa bila kujua walikufa kwa nini, na nimeona ndoa za watu ambao baadaye, kwa mteja mwingine, niliwakuta hawajajuana. Kwa hiyo nikisema jambo la Pascal lilinivuruga kichwa, ujue anayesema ni mtu aliyezoea kuvurugwa.

Saluni yetu iko Point, chini ya jengo ambalo juu wanapaka rangi na chini mabomba yanavuja. Colette husuka kwenye kiti cha pili. Si ndugu yangu wa damu, ila tunatoka Uvira, Kongo, sote, tunasali pamoja, na hapa Durban huo ni undugu wa kutosha. Huyo Pascal ni mumewe. Yuko Kanada, mji wa Winnipeg, anakata kuku kiwandani, mwaka wa tatu sasa. Alitangulia peke yake kwa sababu jina lake liliingia kwenye mambo ya wakimbizi kabla hajamjua Colette, wakaambiwa mke na mtoto watafuata. Wanaosema "watafuata" hawasemi lini. Mtoto wao, Sonia, alikuwa na miaka minne siku baba yake alipoondoka. Sasa ana saba, na meno ya mbele yameng'oka.

Niseme wazi, Pascal sikuwahi kumpenda sana. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili tukishatoka kanisani, maneno yake yakiwa machache kama ya askari wa getini. Mmeamka? Mmekula? Karatasi bado zinatembea. Halafu, kila mara, bila kukosa: "Mtoto anavaa pointure ngapi?" Pointure, yaani namba ya kiatu. Colette anapima mguu wa Sonia, anamtajia, na kiatu hakiji. Muda wote huo, hata ndara.

"Mama Sonia," nilikuwa nikimtania, "bwana yako iko anafungua duka, ama?"

Colette alikuwa anacheka. Siku za karibuni alikuwa hacheki tena.

Sasa Jumatano moja, mvua inanyesha, wateja wawili tu vitini, televisheni ya ukutani imewekwa kwenye chaneli za Kifaransa. Ikaanza tamthilia ya Kanada, Porte Quatorze, yaani Mlango wa Kumi na Nne, ya mama mmoja mzungu anayekagua watu uwanja wa ndege. Ile naipenda kwa sababu hata ukigeuka kutafuta kitana hupotezi kitu: mlango unafunguka, watu wanatoka na masanduku, nje theluji, mama anawatazama kwa huruma. Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke wa kitenge amemshika mtoto mkono, na mwanamume mmoja akatoka mbio kwenye umati, akamkumbatia yule mwanamke, akalia, mabega yanatikisika. Kamera ikamsogelea usoni.

"Aii!" mteja wa Colette alipiga kelele, kwa kuwa Colette alikuwa amevuta msuko bila kujua.

"Uyu njo Pascal," Colette akasema, polepole, kama mtu anayetaja kituo anachoshuka.

Nilisema si yeye. Halafu nikaona kovu la kwenye nyusi, alilolipata hapa hapa Point akipakua friji. Na hapo Pascal akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito, laini, ya mtu aliyelelewa na mapadri: "Ma femme! Enfin! Je n'ai jamais aimé que toi!" Mke wangu! Hatimaye! Sijapenda mwingine ila wewe!

Pascal ana sauti ya kukwaruza. Kifaransa chake ni cha kuuliza bei.

Saluni ikachafuka. Mmoja anauliza kama ni habari, mwingine anasema ni filamu, basi kuku ameacha lini? Na yule mtoto ni wa nani? Colette alikuwa anatazama televisheni iliyokwisha kurudi kwa mama wa kizungu, kama vile mume wake angetokea tena akiomba radhi.

Steve wa duka la simu, jirani yetu, alikuja kwa sababu ya kelele. Tulipomweleza akatoa kicheko cha mtaalamu. "Ile ni doublage, bamama. Kule walisema Kiingereza, mtu mwengine akatia Kifaransa. Haiko sauti yake."

"Steve, usinifundishe doublage," nikamwambia. "Nimekomalia mu telenovela. Doublage haitungi maneno, inatafsiri. Kama Kifaransa kinasema sijapenda mwengine, na yeye njo alisema ile ile. Ama siyo?"

Steve alikuna kichwa. Mimi nilifurahi kumshinda, furaha ya kijinga kabisa, maana nilipogeuka nikamwona Colette anakaza macho machozi yasitoke.

Akampigia palepale, simu ikiwa kwenye spika. Kule ilikuwa asubuhi, Pascal anaingia kazini, mashine zinanguruma.

"Ule mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Ule wa mu télé. Wa airport."

Pascal akauliza kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nashangaa: "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Saloni nzima imesikia. Sijapenda mwengine ila wewe."

"Mimi sikusema vile."

"Pascal, tumeona mdomo yako!"

"Sikusema vile, nakwambia. Walikuja mu kanisa kutafuta Waafrika wa filamu, nikaenda siku moja tu, wakatupa sandwichi. Ule mama simujue hata jina. Mimi nilisema mengine."

"Ulisema nini?"

Mashine zikanguruma. "Ni maneno tu," Pascal akasema. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, akauliza: "Mtoto anavaa pointure ngapi sasa?"

Colette alikata simu.

Nimeshaona wanaume wanaokana watoto na wanaokana madeni. Mwanamume anayekana mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu waliouona ukifunguka, huyo alikuwa wa kwanza kwangu. Kama ni kazi ya siku moja, kwa nini hakutuambia? Kama hamjui yule mwanamke, machozi yale aliyatoa wapi? Siku anaondoka hapa Durban hakulia hata tone. Alimpiga Sonia busu kichwani akaenda zake, na Colette ndiye niliyemshikilia asianguke.

"Jumapili akipiga," Colette alisema jioni tukifagia, "nitamwambia yaishe. Nitarudi Uvira kwa mama yangu na mtoto wangu."

Wakati ule wanaotoroka Uvira walikuwa wengi kuliko wanaorudi. Nilimkumbusha. Akasema heri kujua unakaa wapi kuliko kukaa mlangoni mwa mtu. Na mimi, badala ya kumtuliza, nikasema ndiyo, wanaume wa Kanada wote wako hivyo, kana kwamba nilikuwa nimewajua wangapi.

Alhamisi na Ijumaa Steve alitafuta. Nilimtuma mimi, kwa sababu nilitaka ushahidi kamili. Kama alisema mengine, basi tuyasikie hayo mengine, kwa sauti yake, kama walivyorekodi kule. Ukidhani ni rahisi, jaribu. Chaneli ya Kifaransa ina Kifaransa tu. Mtandao wa televisheni yao ya Kanada ukafunguka vizuri, picha ya mama mzungu ikatokea, ukibonyeza wanakwambia huruhusiwi kuona hapa ulipo. Hapa nilipo pana kosa gani? Sehemu nyingine wakatuonyesha dakika mbili za theluji na muziki, basi. Steve akaandika Porte Quatorze kila mahali palipo na kisanduku cha kuandikia, akaletewa filamu za vita, akaletewa bei za milango.

"Ya Huguette, dada, hii serie haiko," akasema. "Iko Kifaransa tu."

Serie ya wazungu wa Kiingereza, na Kiingereza chake hakipo. Nililala na hasira hiyo.

Jumamosi akaja Kendi. Ni Mkenya, mtu wa Meru, anasomea maji chuo kikuu. Si kuyanywa wala kuyaogelea, ni maji yenyewe, sijaelewa hadi leo. Anakaa Sydenham na huja kwangu kila akitaka rasta nyembamba, kazi ya kutwa nzima. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, namsimulia Steve upya ujinga wa Pascal na mlango namba kumi na nne, Kendi akageuka ghafla hadi nywele zikanitoka mkononi.

"Auntie, hiyo si ile ya snow? Ya yule mama wa airport? Lakini hiyo inaitwa Officer Lindqvist."

"Inaitwa Porte Quatorze."

"Kwa Kifaransa labda. Mimi nimeimaliza juzi, kwa Kiingereza. Iko kwa ile app tunalipia na wenzangu." Akafikiri. "Na huyo mtu anayelia! Aki nilishtuka. Si anaongea Kiswahili! Kile chenu. Na maandishi ya chini yanasema kitu ingine kabisa, nikadhani ni usingizi."

Steve akatazama chini. Colette, kwenye kiti cha pili, aliacha kusuka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Sikushika vizuri. Mambo ya nyumba. Ngojeni niitafute."

"Mimi sitaki kuona tena," Colette akasema.

Hakuna aliyembishia. Kendi alitoa kompyuta yake bapa, akatafuta, akapita sehemu hii na ile, na Colette akawa anapangusa mikono kwenye aproni, anapangusa mikono iliyokwisha kuwa mikavu, mpaka akawa amesimama nyuma yetu.

Mlango ukafunguka. Mwanamke wa kitenge, mtoto, Pascal anakuja mbio. Chini maandishi ya Kiingereza yakatokea, Kendi akatusomea: mke wangu, hatimaye, sijapenda mwingine ila wewe. Yaleyale. Taxi moja nje ikapiga honi ndefu, hatukusikia kitu. Kendi akarudisha, akaongeza sauti. Ikatoka ile sauti ya kukwaruza, ya Pascal, ya Uvira, ndani ya theluji ya watu:

"Mama Sonia, umekawia. Viatu ya mutoto nilinunua, ikakuwa midogo. Nikanunua ingine, nayo ikakuwa midogo. Iko pea nne mu nyumba, nyuma ya mlango. Viatu ya neige. Nifanye nayo nini, mama? Nifanye nayo nini?"

Na hapo ndipo alipolia.

Kwa hiyo walimwambia aseme kwa lugha yake. Wenyewe walikuwa na maneno yao tayari, wakayaandika chini, na Wafaransa wakatafsiri yaliyoandikwa. Pascal alisimama mbele ya kamera na watu wote wale wasiojua alichokuwa akikisema, akamkumbatia mama asiyemjua, akasema ya kwake.

"Rudisha," Colette alisema.

Kendi akarudisha. Tukasikia tena habari za mlango na viatu. Neige ni theluji, na viatu vya theluji ni mabuti mazito yenye manyoya ndani. Hapa mtu anavaa ndara hata Juni, kwenye baridi. Angevituma vya nini? Vilikuwa vya kuvaliwa mlangoni, siku ya kufika. Nilitafuta neno la kumsema Pascal, maana huwa ninalo, nikalikosa. Nilikuwa namkasirikia zaidi kwa hilo.

Bado simwelewi, usidhani nimemwelewa. Mtu gani huona haya kumwambia mke wake jambo, akalisema mbele ya taa na nchi nzima? Labda kwa sababu nchi nzima haikusikia. Labda alidhani hata sisi hatutasikia. Nilimuuliza Colette anaonaje. Aliniambia nimalizie nywele za dada wa watu.

Jumapili tulitoka kanisani mapema kidogo. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukingoja kuvuka, Sonia katikati yetu ameinama kuchunguza kidonda cha goti, na simu ikaita. Colette akaitazama ikiita. Robot ikawa ya kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki.

"Mumeamka?" Pascal akasema.

"Tumeamka."

"Mumekula?"

"Tutakula."

"Karatasi bado zinatembea."

"Sawa."

Mara ya kwanza tangu aondoke, hakuuliza pointure. Nilisikia anapumua. Aliogopa, na mimi nikaogopa pamoja naye, kwa sababu mambo ya Jumatano nilikuwa nimeyachochea mwenyewe na sikujua Colette ameamua nini.

"Pascal," Colette akasema, "hauniulize?"

"Nikuulize nini?"

Colette akanipa pochi nimshikie. Akachuchumaa palepale njiani, akamvua Sonia ndara moja, akaigeuza kusoma chini, kisha akashika ule mguu mdogo wenye vumbi akaupima kwa kiganja, kisigino hadi kidole, kana kwamba namba ya ndara haimtoshi.

"Iko thelathini," akamwambia. "Lakini weye nunua thelathini na tatu."