Nusu ya Kwanza ya Volyumu

Kwa mara ya tatu wiki ile kaka yangu aliniambia nimemtengenezea pedali mbovu ya gitaa, na kwa mara ya tatu nilijizuia nisimrushie koleo.

"Nusu ya kwanza imekufa," alisema, gitaa likiwa mapajani. "Nazungusha, kimya. Nazungusha, kimya. Halafu ghafla inalipuka. Toa hiyo, nirudishie ile ya juzi."

"Ile ya juzi ndiyo iliyokutia matatani, kaka."

Ile ya juzi ilifunika sauti ya mwimbaji wa bendi yao mazoezini, na mwimbaji ndiye mwenye bendi. Alimwambia kaka bila kupepesa macho: leo saa tano nakuja kukuchukua, na gitaa likinifunika tena, natafuta mpiga gitaa mwingine. Kaka amepiga kwenye bendi ile miaka kumi na tisa na hajui kazi nyingine. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Niseme wazi tuligombania nini. Ndani ya pedali, chini ya kishikio cha kuzungusha, mna kifaa kidogo cha mviringo ambacho sisi mafundi tunakiita volyumu. Ziko za aina mbili, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Linia huongeza sawasawa kila unapozungusha. Ukiipa kazi ya sauti, robo tu ya mzunguko inakupasua kichwa, na sehemu iliyobaki haina faida. Logi huanza kwa kunyata, kisha hukaza mwendo, kwa sababu ndivyo sikio la mtu linavyopokea sauti. Kwa sauti unafunga logi, basi. Lakini kaka aling'ang'ania linia, nami kwa kumheshimu nikamfungia, na matokeo ndiyo hayo. Sasa nilikuwa nimemrudishia logi, naye haitaki.

Nilifungua kifuniko nikaipima volyumu kwa mita. Kwenye nusu ya mzunguko ikasoma karibu sehemu moja ya kumi ya kipimo chake chote. Logi safi, haina kasoro. Nikafunga, nikachukua gitaa, nikawa nagusa uzi mmoja huku nazungusha polepole. Sauti ikaja nyembamba kwenye spika, ikanenepa, ikajaa chumba.

"Umeona?" kaka alisema. "Nusu nzima, kimya."

Mimi nilikuwa nimeisikia sauti tangu mwanzo.

"Kaka, hebu geukia ukuta. Ukisikia, nyanyua kidole."

"Unanipima kama mtoto wa chekechea?"

"Geuka tu."

Akageuka, akinung'unika. Niligusa uzi, nikasogeza kishikio kidogo sana, hata mimi nikasikia kwa shida. Kidole chake kikapanda papo hapo. Nikashusha pumzi, karibu nicheke. Nilikuwa nimemdhania vibaya bure. Kisha nikaona pale ukutani, mbele ya macho yake, kivuli cha kiwiko changu kikisogea kila nilipozungusha. Jua lilikuwa linaingia dirishani nyuma yangu.

Sikutaka kufanya nilichofanya baada ya hapo. Nilirudisha kishikio hadi sifuri, nikachomoa waya wa gitaa taratibu, nikaushika mkononi. Kisha nikazungusha.

Kidole kikapanda.

"Nimesikia," akasema. "Vizuri kabisa."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga. "Kaka," nikasema. Hakujibu. "Kaka!"

Akageuka, akauona waya ukining'inia mkononi mwangu. Akakaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi. Sauti ndogo zilianza kuniacha moja moja. Kubwa bado zipo, tena zinaniumiza." Akafuta uso kwa kiganja. "Usimwambie mwimbaji, mdogo wangu. Nakuomba. Nifungie linia, nitakuwa mwangalifu."

"Wewe ukianza kujisikia, yeye ameshazama!"

"Basi nifungie logi, unichoree alama ya rangi. Pa kusimamia."

"Wimbo unapanda na kushuka, kaka. Utafuata alama gani?"

Nikampa za uso. Miaka miwili ananihangaisha nibadilishe vifaa vizima, anawasingizia mafundi, anasingizia spika, yuko tayari kufa na tai shingoni. Nilisema mengi, na najua hasira yote ile ilikuwa woga. Alisikia labda nusu yake.

Mlango ukagongwa kwa kidole, taratibu. Mwimbaji alikuwa amewahi.

"Hodi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Uko tayari?"

Kaka hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwangu akasoma kwamba kuna mtu nyuma yake. Ningeweza kumjibia. Ningeweza kusema yuko tayari, pedali iko sawa, nendeni salama. Nilimwachia ajibu mwenyewe, na mpaka leo sijui kama nilimpenda au nilimtupa.

Mwimbaji akauliza tena, vilevile, polepole.

Kaka akainuka, akamgeukia.

"Ongea kwa nguvu, mama," alisema. "Sikusikii. Ukiimba chini, huu ni mwaka wa pili sikusikii."