Si Kile Kifua

Niliporudi kutoka hospitali, Kavira, mke wa mwanangu, aliniuliza wamesema nini. Nikamjibu neno pekee nililolishika, “Ni kifua.”

Hapa Bunia, ukisema mtu ana kifua, watu wanasikia kifua kikuu. Ndicho kilichomuua mama yake Kavira kule Butembo. Kavira alichukua blanketi la mtoto wake Arielle akalipeleka chumba cha mbele. Tangu alipoachishwa ziwa, Arielle alikuwa akilala nami, koko wake.

Sikulia. Nilitazama ukuta. Jioni chakula kililetwa kwenye sahani yangu peke yangu, mimi niliyezoea kula na wote. Hata katika woga wake, Kavira aliniwekea kipande kikubwa cha nyama.

Arielle alisimama mlangoni.

“Koko, mama anakataza niingie. Uliiba nini?”

“Sikuiba kitu, mama.”

“Basi sema tu pardon, ataacha.”

Jumapili, baada ya misa, jirani yetu Godelive alipita kunisalimu. Yeye ni muuguzi palepale nilipopimwa.

“Mama Arielle, musaidie mama na ile pompi ya kuvuta dawa yenye tulimupa.”

“Weye usimukaribie sana,” Kavira akamwambia. “Iko na kifua.”

Godelive akacheka. “Kifua gani? Makohozi tulipima, haina microbe. Huyu aliharibika na moshi. Miaka yote hii anapika na kuni mu jiko ya kufunga!”

“Basi itapona?”

“Kupona, hapana. Mapafu yenye ilikwisha kuharibika hairudie. Atavuta dawa, atatembea polepole, na moshi asiikaribie tena.”

“Na mutoto?”

“Alale naye hata leo. Hii haiambukizake.”

Niliyasikia hayo kama habari za mgonjwa wa mtaa mwingine.

Kavira hakuniomba radhi. Aliingia jikoni, akazima moto maharagi yakiwa bado magumu, akatoa mafiga nje moja moja hadi kando ya ua.

“Jiko ni ya inje sasa,” alisema. “Na mupishi ni mimi. Mama, weye ukae.”

Nikakaa. Mikono yangu haikujua pa kwenda.

Mchana ule Arielle alipanda kitandani kwangu na viatu vyake. Mimi silali tena chali, pumzi inakatika, naegemea ukuta. Alinilalia pajani, akasinzia mdomo wazi. Nilijua ninapaswa kufurahi. Nilimfungua viatu, nikasikiliza anavyovuta hewa bila kuifikiria.